Damu ya Kitovu

Afoyo mwanangu,

Sanduku lako nimelikuta limefungwa karibu na mlango, na juu yake mama yako ameweka kile kikapu cha samaki wakavu ambao hutawamaliza hata ukikaa kazini Epulu mwaka mzima. Kwa hiyo sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za vijana wa msituni. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, na mengine ameyarudia kwa sababu alidhani hukusikia. Mimi nimebaki na jambo moja tu, na ni jambo uliloliuliza weye mwenyewe.

Juzi ulirudi na ile karatasi ya kazi. Ulikaa uani kwenye kiti cha plastiki, unajaza jina, mwaka, parokia, ukafika mahali pa grupu ya damu. Ukamuuliza mama yako. Akajibu bila kuinua macho kwenye sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga, "Uliza papa yako. Yeye ndiye alikupima." Ukanigeukia ukicheka, kwamba baba ni fundi wa labo ya hospitali tangu zamani na mtoto wake hajui damu yake ni gani. Nikasema nitaangalia. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta miwani, na miwani nilikuwa nimeivaa. Uliwaambia wadogo zako kwamba papa amezeeka. Nimezeeka kweli, lakini si uzee ulioniingiza ndani siku ile.

Grupu yako nitakuambia. Ila sitaweza kuandika herufi moja kisha nikutakie safari njema, maana hiyo herufi iliwahi kukosewa, na aliyeikosea ni mimi. Wewe unajua kwamba ulikulia ziwani kwa nyanya yako kwa sababu ya vita. Hivyo ndivyo tulivyokuambia, na si uongo mtupu, vita vilikuwepo. Lakini hukupelekwa kule kwa sababu ya vita.

Univumilie na Kiswahili changu. Najua nyie hunicheka kwamba naandika kama tangazo la misa. Mkono wangu ulifundishwa na mapadri kule Mahagi, na mkono ukishafundishwa haukubali kuandika "iko" ya mtaani, hata mdomo ukiisema kutwa.

Ulizaliwa hapa Bunia, mchana, mvua ikinyesha. Nilikuwa kijana, na siye vijana wa labo tulikuwa na desturi yetu. Mke wa mmoja wetu akizaa, baba hakukimbilia kwanza sabuni wala kitenge. Alikimbilia damu ya kitovu. Alipima grupu ya mtoto wake siku ileile, akaiandika kwenye kadi ndogo, akairudisha wodini kama zawadi, na wengine waliiweka kadi hiyo ndani ya Biblia. Hakuna daktari aliyeagiza jambo hilo. Yalikuwa maringo tu. Tulitaka wake zetu waone kwamba kazi yetu nayo ni kitu.

Nyanya yako, mama ya mama yako, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha uzazi na beseni. Alikuwa anangoja kondo la nyuma apeleke likazikwe, kama tunavyofanya kwetu, na hakutaka likae mikononi mwa wageni hata kidogo. Kila mara aligonga. "Mumemaliza?" Mkunga wa watu alikuwa katikati, huku mkwe wangu na beseni lake, huku mimi na tubu yangu, kile kichupa cha kuchukulia damu. Damu ilikuwa inashuka polepole mno. Basi mkunga akaushika ule ukamba wa kitovu kwa vidole viwili akaukamua toka juu mpaka chini, kama mtu anavyokamua chuchu ya mbuzi, na damu ikaingia kwenye tubu pamoja na ute wake. Sikuona ubaya wowote. Nikamshukuru, nikakimbia kwenye mvua, tubu nimeificha kifuani.

Huo ute ndio nataka uuelewe. Ndani ya kitovu kuna ute mzito unaonata. Ukiingia kwenye damu, chembe za damu zinashikana zenyewe kwa kunata tu. Na kupima grupu, mwanangu, ni kutazama kama damu inashikana. Unaweka matone kwenye sahani nyeupe, kila tone na dawa yake. Tone likifanya vidonge vidonge, limesema ndiyo. Likibaki laini, limesema hapana. Likisema ndiyo kwa dawa ya A na ndiyo kwa dawa ya B, mtu huyo ni AB; likisema hapana kwa zote mbili, ni O. Lakini damu yenye ute husema ndiyo kwa kila kitu, hata ukiitilia maji ya chumvi matupu. Ndiyo sababu damu ya kitovu huoshwa kwanza, tena na tena, na kando ya matone huwekwa tone moja lisilo na dawa. Siye tunaliita shahidi. Shahidi naye akishikana, unajua kwamba sahani nzima inakudanganya, unamwaga yote na kuanza upya.

Mwalimu wetu alilisema hilo darasani na mimi nililiandika kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri. Siku ile sikuosha, na shahidi sikumweka. Nilikuwa na haraka ya kurudi wodini na kadi.

Matone yote yakashikana, upesi na kwa nguvu. Ingekuwa damu ya mtoto wa jirani ningeshtuka, maana damu ya kichanga haina nguvu hiyo, hushikana kivivu, lazima uitikise sahani na kungoja. Nikaandika AB. Kisha nikabaki na kalamu hewani, kwa sababu mimi ni O. Labo nzima ilijua mimi ni O, nilikuwa mtu wa kwanza kuitwa damu ilipokosekana. Na mtu wa O hazai mtoto wa AB, awe amemwoa nani. Hilo nalo tulifundishwa darasa lilelile. Somo la kuosha nililisahau, hili nililikumbuka vizuri sana.

Baraka alikuwa kwenye meza ya pili. Baraka huyu huyu unayemjua, anayekuja Jumapili kula na kulalamika kwamba chumvi ni kidogo. Alikuwa ameinamia darubini anatafuta malaria. Kama ningemwambia tu, "Baraka, kuya uone hii," angeinuka, angetazama sahani, angeuliza shahidi iko wapi, na mambo yangeishia pale kabla mvua haijakatika. Sikumwita. Nilijiambia kwamba naficha aibu ya mama yako. Nikaifuta sahani kwa pamba, kadi nikaitia mfukoni, nikarudi wodini mikono mitupu. Mama yako alikuwa amechoka, amekushika, akaniuliza, "Kadi iko wapi?" Alikuwa anajua desturi yetu, alikuwa ameingoja. Nikasema dawa zimekwisha labo.

Siku ya kukutoa nje ya nyumba watu walijaa uani. Unajua kwetu siku hiyo baba ndiye anayetaja jina. Kila mtu alidhani nitakupa jina la mama yangu, kwa kuwa ulikuwa mtoto wa kwanza na ulikuwa msichana. Mama yangu mwenyewe alikuwa amevaa kitenge chake kipya kwa ajili hiyo. Nikanyamaza. Mtu mmoja akakohoa. Mama yako akanitazama, nami nikatazama miguu ya watu. Ndipo nyanya yako, yule wa beseni, akakuchukua mikononi mwa binti yake na kusema kwa sauti, "Afoyorwoth. Miye namushukuru Bwana. Mwenye anataka kunyamaza, anyamaze." Watu wakacheka na kupiga vigelegele, wakadhani ni utani wa wakwe. Mama yako hakucheka. Hivyo ndivyo ulivyolipata jina lako, na leo nikiliita huwa nakumbuka kwamba mdomo uliolisema kwanza haukuwa wangu.

Sikumpiga mama yako, sikumtukana, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo, kana kwamba ni wema. Mtu anaweza kumfukuza mwenzake kwa upole kabisa. Mji ulikuwa na wasiwasi, risasi zilisikika, watu wengi walikuwa wanapeleka wake na watoto mbali. Nami nikasema nendeni ziwani kwa wazee, mtarudi hali ikitulia. Hakuna aliyeniuliza kitu, hata padri alinisifu kwa busara. Usiku wa kuamkia safari mama yako alikaa kitandani akaniambia, "Nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Weye unajua." Akasema, "Miye sijui." Nikageukia ukutani. Hali ilitulia, ikachafuka, ikatulia tena, na mimi sikuwaita.

Nilikuwa nakuja kuwaona mara mojamoja. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa unakimbia kutoka kwenye majani ya kuanikia samaki, mikono inanuka, unataka nikubebe. Nami nilikuwa nakubeba huku nakuchunguza. Nilitazama masikio yako, vidole vyako, namna unavyotembea, nikitafuta mwanamume mwingine. Nilikuwa nawatazama na wavuvi wa pale mmoja mmoja. Kwa kuwa ulifanana sana na mama yako, sikupata jibu upande wowote. Siku moja ulinipa samaki mdogo uliyemkausha mwenyewe, umemfunga kwa majani, nirudi naye Bunia. Nilimwacha kwenye gari. Kati ya mambo yote, hilo la samaki ndilo linaloniuma nikiwa peke yangu, nami sijui kwa nini linapita mengine makubwa.

Ukafika umri wa kuanza shule, ukaugua. Malaria, ya mara ya ngapi sijui, maana sikuwepo. Mama yako alikuleta Bunia juu ya lori la samaki, amekulaza mapajani, na alipoingia pale hospitali alinifuata moja kwa moja labo. Hakunisalimia. Alikunjua kiganja chako akanionyesha. Kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Ulikuwa unapumua haraka, kwa mabega.

Daktari akaandika damu, upesi. Frigo, lile jokofu la kuhifadhia damu, ilikuwa tupu, kama ilivyokuwa siku nyingi, na damu ikikosekana ukoo ndio unaoleta mtu wa kutoa. Nikachukua karatasi ya kuomba damu. Mahali pa grupu nikaandika AB, bila kukupima, kutoka kwenye kichwa changu, kwa sababu ile kadi nilikuwa nimeibeba kichwani miaka yote. Na mtu wa AB hupokea damu ya kila grupu, kwa hiyo nikasema si tatizo, mwiteni mjomba wake Ukelo. Ukelo alikuwa ameenda Bule kununua maharagwe. Tukamtuma mtu wa piki-piki amfuate. Unajua barabara ile wakati wa mvua ilivyo, milima na matope. Tukangoja.

Soma tena hapo mwanangu, usipite haraka. Mimi ni O. Damu ya O ilikuwa inakufaa hata kama kweli ungekuwa AB. Nilikuwa nimekaa pale, mzima, nimekula asubuhi, kitanda cha kutolea damu kiko nyuma yangu, na nilimtuma mtu Bule. Nilijiambia fundi hatoi damu akiwa zamuni. Nilikuwa nimetoa zamuni mara nyingi, kwa watu nisiowajua hata majina. Mama yako alipita mlangoni mara kadhaa akinitazama.

Ukelo akafika ana matope mpaka kiunoni. Akapimwa, ni A. Tukampima na magonjwa, yuko safi. Damu ikatolewa. Nikataka ipelekwe wodini mara moja, maana ulikuwa unazidiwa, na nikasema AB akipokea A kuna shida gani. Baraka ndiye aliyekuwa kwenye meza ya kulinganisha siku hiyo. Kulinganisha ni kuchukua maji ya damu ya mgonjwa na chembe za damu ya mtoaji, kuziweka pamoja na kuona kama zinapatana, kabla hazijakutana ndani ya mtu. Nilimwambia aache, tunachelewa. Hakuacha. Alikuwa mbishi tangu shuleni.

Akainua tubu kwenye mwanga. Akasema, "Hii haipatani."

"Namna gani isipatane? Mutoto ni AB."

"Nani alisema?"

"Iko kwenye kadi yake."

"Kadi haina damu," Baraka akasema. "Miye napima mutoto."

Akaenda mwenyewe kitandani, akakutoa damu upya, akaandika jina lako kwenye tubu hapohapo mbele ya mama yako, akarudi akapanga matone yake pamoja na shahidi wake. Dawa ya A, laini. Dawa ya B, laini. Shahidi, laini. Akarudia. Akaniita nifanye mwenyewe, nikafanya. O. Baraka hakujua lolote la nyumbani kwangu. Akacheka kidogo, kwa kufurahi kwamba jambo limeeleweka, akasema, "Kumbe mutoto ni kama papa yake."

Ile damu ya Ukelo ingekuua. Ingeingia, na damu yako ingeivunja chembe kwa chembe, figo zingeziba, na ungekufa mbele ya mama yako, na kwenye karatasi ungeonekana mwandiko wangu. Nataka ulijue kwa maneno wazi hivyo. Sikukosea nyumbani tu. Kosa langu la nyumbani lilivaa koti jeupe likaja mpaka kitandani kwako.

Sikuwa na muda wa kulia. Nilikunja shati nikalala kwenye kile kitanda, Baraka akanitoa damu, akailinganisha na yako, ikapatana. Jioni midomo yako ilianza kuwa na rangi. Nikakaa upande mmoja wa kitanda, mama yako upande wa pili, na mfuko wa damu yangu unaning'inia katikati. Nikamweleza yote. Kadi, O na AB, ute, kuosha, shahidi. Nilieleza kwa urefu, kama mwalimu. Nilidhani nikimwonyesha vizuri jinsi ute unavyodanganya, ataona kwamba mimi nami nilidanganywa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ile jambo nilikukosea, ni hiyo."

Nikasema ndiyo, na kwamba haikuwa kweli.

Alikuwa anakupangusa jasho kwa pembe ya kitenge. Halafu akaniuliza, sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie, "Na kama leo Baraka angepima akaona tena AB? Ungelala pale kwenye kitanda utoe damu yako?"

Sikumjibu, mwanangu. Nilikuwa na mdomo, na sikumjibu. Hakuuliza tena siku ile, na hakuuliza tena kamwe. Alirudi nyumbani kwangu Mudzipela, hapa Bunia, kwa ajili ya shule yako, aliniambia hivyo wazi. Wadogo zako walizaliwa, tukajenga, tukazeeka pamoja, amenipikia na kunizikia mama. Nilipotaka kukubadilisha jina nikupe lile la mama yangu, alisema ulilonalo linatosha. Ulikuwa unaniita "Monsieur" mwaka mzima wa kwanza, kama mwalimu wa shule, na yeye alikuwa hakurekebishi.

Baada ya hapo nilikuwa fundi mkali, waulize vijana. Nimefukuza mtu labo kwa kuandika jina la mgonjwa kwenye korido badala ya kando ya kitanda. Kulikuwa na Mama Neema wawili wodi moja, na tubu zao zilikuwa karibu kubadilishana, kwa sababu kijana aliona haya kumuuliza mama mtu mzima jina lake la ubatizo. Nilimfokea mpaka akalia. Nimemwaga dawa zilizolala nje ya frigo umeme ukikatika, nikagombana na mkubwa wangu juu ya bei ya dawa hizo. Nimewakataza kusoma sahani iliyoanza kukauka, maana damu ikikauka pembeni inajifanya imeshikana. Kila kijana mpya nilimsimulia habari ya ute wa kitovu, bila kutaja jina, fundi mmoja zamani. Waliipenda sana hadithi ile. Na kila nilipoisimulia, mwenye kosa alikuwa ute.

Ukifika Epulu, wakitaka kuandika grupu yako, usiwaambie kwamba papa yangu amesema. Waambie wakupime. Kaa pale uone wanaandika jina lako kwenye tubu mbele ya macho yako. Na siku ukiugua huko msituni wakakupeleka hospitali Mambasa, wakitaka kukutilia damu kwa sababu tu ya herufi iliyo kwenye karatasi ya kazi, kataa mpaka wailinganishe. Huo si ushauri wa kizee, ni kitu ninachokijua.

Ya maisha sina mengi ya kukuambia. Majuto ni mjukuu, husema wazee, na mimi mjukuu huyu nimemlea miaka mingi. Ninachoweza kusema ni kwamba siku utakapoona jambo linalokuchoma, limeshikana upesi na kwa nguvu mbele ya macho yako, muite mtu wa meza ya pili. Muite hasa kama unaona aibu. Mimi niliona aibu ya dakika moja nikakwepa, nikalipa kwa utoto wako, na aliyelipa zaidi ni weye.

Basi jioni hii, ulipokuwa umeenda kuwaaga wenzako, niliingia jikoni. Mama yako alikuwa anakaanga yale mandazi ya njiani. Nikasimama mlangoni kama mgeni. Nikamwambia, "Ile swali uliniuliza wodini." Hakuuliza swali gani. Aligeuza andazi, akangoja. Nikamwambia kwamba siku ile nisingelala kwenye kile kitanda. Kama Baraka angesema AB, ningekaa tu nikamtazama mtoto. Nikamwambia kwamba ute haukukupeleka ziwani, ni mimi. Hata kama ningeosha damu ile mara saba na kumweka shahidi, na ikatoka AB ya kweli kabisa, ulikuwa kichanga wa siku moja, umefunikwa kitambaa, umelia ukitaka joto, na nilikuwa na mikono.

Mafuta yaliendelea kuchemka. Mama yako alitoa mandazi yote, akayaweka kwenye karatasi, akazima moto. Kisha akasema, "Miye nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nangoja weye ujue." Na nilipogeuka kutoka, akaongeza, "Usiniambie miye peke yangu. Mwambie mutoto."

Ndiyo maana naandika, wakati nyote mmelala. Damu yako ni O, kama yangu. Najua ni rahisi kwangu kusema leo kwamba wewe ni mwanangu, nikiwa najua jibu, na huna sababu ya kuniamini. Lakini nalisema kwa kuwa mama yako amenituma na kwa kuwa nilipaswa kulisema siku ile mvua ikinyesha, kabla ya kugusa tubu yoyote. Hata kama ungekuwa AB, Afoyo. Hata kama ungekuwa AB.

Papa yako